Unaanza masomo, unayaacha njiani: mwongozo kamili wa kujua unakatikia wapi na kwa nini

Mtu aliyeacha masomo mara moja akikutajia sababu, mara nyingi ndiyo hiyo. Aliyeacha mara tatu au nne huwa na sababu tofauti kwa kila safari: mwaka ule ada, uliofuata kazi, kisha mtoto, kisha kozi yenyewe haikuwa ya maana. Zote zinaweza kuwa kweli. Lakini ukizipanga kwenye karatasi pamoja na tarehe zake, mara nyingi unakuta alikatikia karibu pale pale kila mara: wiki ya tano au ya sita baada ya kuanza, au siku chache kabla ya pepa, au baada ya kumaliza masomo yote ya darasani akabakiwa na tasnifu tu. Mwongozo huu ni wa kupata mahali hapo, kujua kinachokukwamisha hapo, kisha kujipima kwa siku 21 kabla hujalipa ada nyingine.

Tumewafikiria zaidi watu wazima wa Tanzania: mtahiniwa wa kujitegemea anayerudia kidato cha nne, mwenye diploma aliyejisajili Chuo Kikuu Huria, mtumishi aliyeanza shahada ya uzamili kwa masomo ya jioni. Neno "mvivu" tuliweke kando tangu sasa, kwa sababu halionyeshi pa kurekebisha. Mvivu hajisajili mara nne.

Andaa daftari la kaunta, kalamu za rangi mbili, simu yenye meseji zako za zamani, madaftari na matokeo yoyote uliyobaki nayo. Tenga jioni mbili, kila moja kwa muda wa saa mbili.

Hatua ya 1: Chora jedwali, na ulijaze kwa ushahidi

Andika kila ulichowahi kuanza kusoma ukiwa mtu mzima na hukukimaliza. Usichague. Kozi ya kompyuta ya miezi mitatu iingie, kozi ya bure ya mtandaoni iingie, Mtihani wa Maarifa (QT, wa kumwezesha asiyepita sekondari kufanya mtihani wa kidato cha nne) uliojisajili usiende kuufanya nao uingie. Kwa kila kimoja jaza mambo saba:

1. Kozi gani, na ya namna gani (kutwa, jioni, masafa).
2. Nani aliyeichagua: wewe, mzazi, mwajiri, au ufaulu wako ndio uliokuachia hiyo tu.
3. Tarehe ya kuanza.
4. Tarehe ya kazi ya mwisho ya kweli.
5. Tarehe uliyoacha kufuatilia habari za darasa.
6. Tarehe uliyowaambia watu, na sababu uliyowapa.
7. Kitu kilichokuwa mbele yako ile tarehe ya namba 4: jaribio, zoezi la kukusanya, malipo, safari, msiba.

Namba 4 ndiyo roho ya jedwali. Kazi ya kweli ni kitu kilichoacha alama: zoezi lililoandikwa, swali lililojibiwa, ukurasa wa notisi wenye tarehe. Kukaa darasani huku mawazo yako kwingine si kazi ya kweli, na kupakua madesa (notisi za kozi) kwenye simu pia si kazi. Usiulize kumbukumbu, kwa sababu ikishapita miaka miwili inakuwa imeshashona hadithi inayoeleweka. Fungua daftari la zamani uone ukurasa wa mwisho wenye tarehe. Tazama tarehe za mafaili kwenye kompyuta, na meseji za malipo ya kutoa kopi. Namba 5 utaipata kwenye kundi la darasa la WhatsApp: tafuta ujumbe wako wa mwisho, na jaribu kukumbuka ni lini ulilinyamazisha kundi. Watu wengi huacha masomo siku hiyo, wakiwa bado wanajiita wanafunzi.

Hivi ndivyo safu moja iliyojazwa inavyoonekana, kwa mfano:

*Diploma ya ununuzi na ugavi, jioni. Aliyechagua: kaka mkubwa, ndiye aliyelipa awamu ya kwanza. Kuanza: 14 Oktoba. Kazi ya mwisho ya kweli: 19 Novemba, zoezi la hesabu za biashara, kurasa mbili, halikukusanywa. Kunyamazisha kundi: 27 Novemba. Kuwaambia nyumbani: katikati ya Februari. Sababu iliyotolewa: ada ya awamu ya pili. Kilichokuwa mbele tarehe 19 Novemba: jaribio la tarehe 25.*

Isome tena taratibu. Ada ilikosekana kweli, hakuna aliyedanganya. Lakini ada ilidaiwa Februari na mtu huyu aliacha kusoma Novemba. Ilikuta masomo yameshakufa miezi mitatu. Laiti kaka angelipa, pesa ingepotea na lawama zingekuwa mara mbili. Kilichomkwamisha kiko kati ya tarehe 19 na 25 Novemba, na hapo ndipo pa kuchimba.

Hatua ya 2: Hesabu wiki, kisha tia alama

Kwa kila safu hesabu wiki kutoka namba 3 hadi namba 4. Iandike kwa kalamu ya rangi ya pili pembeni. Ukiwa na safu tatu au zaidi, mpangilio huanza kuonekana: namba zinakaribiana, au zinatofautiana lakini namba 7 inafanana. Mwenye kozi moja iliyokatika wiki ya 6, nyingine wiki ya 14, nyingine wiki ya 9, anaweza kuona hakuna kinachojirudia, mpaka atazame namba 7 akute zote tatu zilikatika wiki moja kabla ya jaribio.

Ukiwa na safu mbili tu, endelea, ila majibu yako yachukulie kuwa dhana ya kupimwa. Na kama tarehe zako zote za namba 4 na namba 6 zimeshikana, yaani ulikuwa unasoma sawasawa mpaka siku ada, ugonjwa au uhamisho ulipokusimamisha, basi huna tatizo la kuacha masomo. Una tatizo la ada, la ugonjwa, la uhamisho. Nenda moja kwa moja hadi hatua ya 5, na usikubali mtu yeyote akuambie ujitafakari.

Hatua ya 3: Soma mahali ulipokatikia

*Ukikatikia kati ya wiki ya 3 na ya 7.* Hapa kuna mambo mawili yanayofanana kwa nje, na dawa zake haziendani.

La kwanza ni saa. Vyuo vya Tanzania huhesabu krediti moja kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi, ukijumlisha darasani, kusoma mwenyewe, mazoezi na mitihani. Mwaka mzima wa shahada ya kwanza ni krediti 120, muhula mmoja 60. Krediti 60 ni saa 600. Muhula ukiwa wa wiki 17 pamoja na mitihani, hiyo ni saa 35 kila wiki. Sasa chukua mfanyakazi wa Dar es Salaam anayeishi Mbagala na kufanya kazi Posta. Wiki ina saa 168. Usingizi wa saa saba kila usiku, 49. Kazi, 45. Daladala, 12 na nusu. Kupika, kuoga, watoto na shughuli za nyumbani, 28. Ibada, ndugu na misiba, 10. Zinabaki saa 23 na nusu, na katika hizo zinazotegemeka kweli ni kama asilimia 70, kwa sababu umeme utakatika, mtoto atapata homa, bosi atakubakisha ofisini. Hiyo ni saa 16. Alijisajili kwa saa 35 na anazo 16.

Mtu huyo huenda vizuri wiki tatu za kwanza, kwa sababu mzigo bado mwepesi. Wiki ya tano mazoezi yanaanza kudaiwa, ya sita anakuwa nyuma masomo mawili, ya saba anaona aibu kuingia darasani. Yeye anaita hali hiyo kukosa nidhamu, wakati ni hesabu tu: saa 16 mara wiki 17 ni saa 272, yaani krediti 27. Achukue masomo mawili ya krediti 12, basi. Chuo Kikuu Huria kilianzishwa kwa sheria ya 1992 na kupokea wanafunzi wa kwanza 1994 kwa ajili ya watu wa namna hii hasa, wanaosoma kwa kasi yao. Kosa linalorudiwa ni kujisajili masomo yote ili "umalize haraka". Fanya hesabu hii kwa maisha yako mwenyewe, kwa kuandika saa zako za wiki moja iliyopita, si za wiki unayoitamani. Ukisoma chuo cha Ulaya, krediti moja ya mfumo wao wa pamoja ni saa 25 hadi 30. Mengine ni yale yale.

La pili ni lugha, na hili halisemwi vya kutosha. Wengi wetu tulisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, tukaingia kidato cha kwanza kila kitu kikawa Kiingereza, na tukavuka kwa kukariri. Ukiwa na miaka 19 kukariri kunakubeba. Ukiwa na miaka 34, umechoka na kazi, hakukubebi tena. Dalili yake: unasoma ukurasa ule ule mara tatu, unasinzia, unajiona huna akili. Jipime hivi. Chukua ukurasa wowote katikati ya kitabu cha kozi, hesabu maneno 300, soma bila kamusi ukipiga mstari chini ya kila neno usilolijua au usilo na uhakika nalo. Yakizidi 15, yaani zaidi ya asilimia 5, usomaji huo ni mzito kwa mtu yeyote, awe na akili kiasi gani. Umeingia kwenye somo kabla ya kuingia kwenye lugha yake.

Hapo usirudi kwenye kozi ya "Kiingereza cha kuanzia". Maneno yanayokukwamisha ni ya fani yako na hayazidi mia chache. Chukua madesa ya somo moja, toa maneno 10 kila siku kwa wiki sita, kila neno liandike pamoja na sentensi ilimotoka. Kisha kila mada uifupishe kwanza kwa Kiswahili, mistari mitano, kama unavyomweleza mdogo wako, ndipo uandike mistari ile kwa Kiingereza. Walio wengi hufanya kinyume: wananakili Kiingereza wakitumaini maana itakuja yenyewe.

*Ukikatikia baada ya matokeo ya kwanza.* Ulipata 11 kwa 30, hukuonekana tena. Kinachofukuza hapa ni maana uliyoipa namba ile: "nilijua tu siwezi". Dawa ni kuirudisha namba kuwa karatasi. Nenda kaombe karatasi yako ya majibu, na kila alama iliyopotea iweke kwenye kundi moja kati ya matatu: sikujua, nilijua nikashindwa kueleza, sikufika swali hilo. Hesabu kila kundi. Alama 19 zilizopotea zikiwa 5, 6 na 8, basi tatizo kubwa ni muda wa mtihani, linalorekebishwa kwa kujibu pepa tatu za zamani ukiwa na saa mkononi. Zikiwa 16, 2 na 1, kweli hukujua, na swali linalofuata ni ulikuwa unasomaje.

Mara nyingi utakuta ulikuwa unasoma kwa kurudia kusoma. Mwanasaikolojia wa Kijerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha tangu 1885 kwamba kilichosomwa mara moja husahaulika kwa kasi katika saa na siku za mwanzo. Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke waliwalinganisha wanafunzi waliorudia kusoma na wale waliofunga kitabu wakajaribu kukumbuka: baada ya wiki moja waliojaribu kukumbuka walikuwa mbele. Kwa hiyo piga msuli kwa namna nyingine. Soma dakika 15, funga, andika unachokumbuka kwa dakika 10, fungua, jaza mapengo kwa kalamu ya rangi nyingine. Rudia kuandika bila kutazama kesho yake, kisha baada ya siku 3, kisha baada ya siku 7. Njia hii inachosha zaidi na inakufanya ujione mjinga kwa siku tatu za mwanzo, na hapo ndipo wengi huirudia njia yao ya zamani.

*Ukikatikia siku chache kabla ya pepa.* Ulihudhuria, ulikusanya kazi, kosiweki yako (alama za kazi za muhula) ni nzuri, halafu siku ya mtihani hukutokea. Mara nyingi huyu ni mwanafunzi mzuri ambaye nyumbani wanamwita msomi. Akiacha kabla ya pepa, anabaki kuwa mtu ambaye "angefaulu kama angefanya". Akifanya akapata sapu, yaani akatakiwa kurudia mtihani, jina lile linaondoka. Kuahirisha kwa namna hii ni kukimbia hofu, na nafuu huja papo hapo, jioni ile ile unapoamua hutakwenda. Nafuu hiyo ndiyo inayofundisha mwili kurudia mwakani.

Kwa huyu, ratiba mpya haisaidii kitu. Kinachosaidia ni kuzoea kufeli kidogo mbele ya mtu. Wiki sita kabla ya mtihani, kila Jumamosi jibu swali moja la pepa ya zamani kwa muda uleule wa mtihani, hata kama hujamaliza kusoma, na mpe mwenzako alisahihishe. Hasa kama hujamaliza kusoma. Amua pia mapema, kwa maandishi, kwamba utaingia chumba cha mtihani hata ukiwa na mada mbili tu kati ya kumi. Sapu ina utaratibu wake wa kuirudia. Kutotokea bila taarifa kwenye vyuo vingi huhesabiwa kuwa sifuri au kujiondoa, na ndiko kunakoleta kudisko, yaani kuondolewa masomoni.

*Ukikatikia kwenye tasnifu.* Masomo yote yameisha, matokeo mazuri, na miaka minne imepita. Mambo matatu hukutana hapa: hakuna ratiba ya mtu mwingine, mada ni pana mno, na ukimya kati yako na msimamizi umeota mizizi. Ukimya huo huanza hivi: anakurudishia sura ya kwanza imejaa wino mwekundu, unajiambia utamjibu ukiisharekebisha yote, mwezi unapita, sasa unaona huwezi kumwandikia bila kuwa na kitu kikubwa cha kuonyesha kwa mwezi ule, na kila wiki inayoongezeka inakifanya kitu hicho kiwe kikubwa zaidi.

Uvunje ukimya huo leo kwa barua pepe ya mistari minne: jina lako na namba ya usajili, sura uliyofikia, kitu kimoja utakachomtumia na tarehe, ombi la dakika 20. Usiombe radhi kwa aya nzima, yeye anao wengine kumi kama wewe. Kisha mwandikie kila baada ya siku 14, uwe na kazi au huna. Sura ya mapitio ya maandiko iwekee kikomo cha vyanzo 25 kwa rasimu ya kwanza, la sivyo haiishi. Na muda ukadirie upya: mwaka 1994 Buehler, Griffin na Ross walichapisha utafiti ambamo wanafunzi waliokuwa wanaandika tasnifu walikadiria kumaliza kwa wastani wa siku 34, wakatumia 55 na zaidi. Makadirio yako yazidishe kwa mbili, halafu ndiyo umpe msimamizi tarehe.

*Ukikatikia kati ya muhula na muhula.* Likizo inaisha, hujisajili tena. Tazama namba 2 kwenye jedwali. Kama kozi ilichaguliwa na mtu mwingine, hapa ndipo inapojulikana, kwa sababu ndiyo mara pekee unapoulizwa tena kama unaitaka. Kwa wanaosoma masafa, sababu nyingine ni upweke. Vincent Tinto wa Marekani aliandika tangu 1975 kwamba mwanafunzi hubaki chuoni kwa kuunganishwa na masomo na pia na watu. Anayesoma peke yake sebuleni anao uzi mmoja tu. Tafuta wenzako wawili wa mkoa wako kupitia kituo cha chuo, mkutane mara moja kwa wiki mbili. Watatu wanatosha, kundi la watu 12 halidumu.

Hatua ya 4: Uangalie mwili kabla ya kulaumu tabia

Hii ni fupi lakini usiiruke. Pima macho, mtu aliyepita miaka 40 anayeumwa kichwa kila akishika kitabu huenda anahitaji miwani ya kusomea tu. Hesabu usingizi wa siku saba. Ukiwa chini ya saa sita kila usiku, majibu ya hatua ya 3 yatakudanganya. Na kama kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, umekuwa na huzuni au umepoteza hamu hata ya vitu ulivyovipenda, usingizi na hamu ya kula vimebadilika, hiyo yaweza kuwa sonona. Nenda kituo cha afya ukaeleze hivyo hivyo, uombe rufaa ya idara ya afya ya akili. Ukifikia mawazo ya kujidhuru, nenda siku hiyo hiyo, usiende peke yako. Anayeshindwa kutulia na kumaliza mambo tangu akiwa mtoto, na kwenye kila jambo, si masomo tu, naye amwone daktari. Wapo wanaogundulika ukubwani na kusaidiwa.

Hatua ya 5: Itenge ada ya kweli

Jiulize: kama mtu angelipa ada yote usiku huu, kesho saa moja jioni ningeanza na kazi ipi? Ukiweza kutaja somo, mada na ukurasa, tatizo lako ni pesa. Ukikuta huna jibu, au tumbo limekukaza, pesa ni sehemu tu.

Kama ni pesa, andika gharama nzima, kwa sababu wanaokatika kwa ada mara nyingi walipanga ada wakasahau yaliyobaki: nauli, bando, kopi, kitambulisho, ada ya mitihani, gharama za field (mafunzo kwa vitendo), uchapaji wa ripoti. Uliza ofisi ya uhasibu kuhusu awamu kabla ya tarehe ya mwisho, ukiwa na tarehe na kiasi unachoweza. Anayekwenda mapema husikilizwa tofauti na anayefuatwa. Aliyekuwa mnufaika wa Bodi ya Mikopo ajue pia kwamba kuacha masomo hakufuti deni.

Hatua ya 6: Jaribio la siku 21

Sasa una dhana moja. Usiwe nazo tatu. Chagua inayojirudia zaidi. Kabla ya kujisajili popote, ipime nyumbani kwa gharama ya daftari.

Chagua sura moja ya somo utakalolirudia. Kila siku dakika 25, muda ule ule, uliofungwa kwenye jambo ambalo tayari hutokea bila wewe kuliamua: "nikishatoa vyombo vya chakula cha usiku, nakaa mezani pa dirishani, simu inabaki chumbani". Sentensi ya namna hiyo ina nguvu kuliko "nitasoma kila siku". Siku 19 za kwanza ni za kusoma na kuandika bila kutazama. Siku ya 20, jibu swali la pepa ya zamani kwa muda wa mtihani. Siku ya 21, lisahihishwe na mtu mwingine.

Ukikosa siku, andika papo hapo, kabla hujalala, kilichotokea dakika 10 kabla ya muda wako. Usiandike "nilichoka". Andika "nilishika simu kumjibu shangazi, nikaja kuiweka saa nne". Daftari la namna hii siku ya 21 linasema mengi. Ukikosa siku 3 hadi 5 zilizotawanyika, muda wako ni mzuri, endelea. Ukikosa zaidi ya 7, muda uliouchagua si wako; jaribu alfajiri. Ukisoma vizuri siku 19 na kuikwepa ya 20, umepata jibu lako bila kulipa hata shilingi: ni hofu ya kupimwa. Na ukikosa siku 4 mfululizo kuanzia siku ya 5 au ya 6, tazama ulipofika kwenye sura. Mara nyingi ni ukurasa wenye kitu usichokielewa, na hukuwa na wa kumuuliza.

Hatua ya 7: Rudi, ahirisha, au funga kwa maandishi

Kinachoumiza zaidi ni kubaki katikati, jina likiwa bado kwenye orodha na deni likiongezeka. Tafuta kanuni za chuo chako na usome vipengele vitatu: muda wa juu wa kubaki umesajiliwa, mara ngapi unaruhusiwa kuahirisha, na kama matokeo ya zamani bado yanahesabika. Halafu andika barua kwa Msajili kupitia kwa Mkuu wa Idara:

*Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya… mwaka wa pili, namba ya usajili… Niliacha kuhudhuria tangu muhula wa kwanza wa mwaka wa masomo… kwa sababu ya… (sentensi moja). Naomba kuahirisha masomo hadi… / kurejea masomoni kuanzia… / kufunga usajili wangu. Naambatisha nakala ya matokeo na risiti ya malipo ya mwisho. Naomba nijulishwe kiasi ninachodaiwa na masomo yaliyobaki.*

Ipeleke kwa mkono, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Barua zisizo na muhuri huo hupotea, na mwaka ukipita utaulizwa ushahidi.

Kufunga ni jibu halali. Kama jedwali lako linaonyesha kozi zote nne zilichaguliwa na watu wengine, na siku 21 zimekwenda vizuri kwenye somo ambalo hukulisomea kamwe, funga ile ya zamani kwa barua na uende huko.

Ukisharudi: wiki sita za kwanza

Mchague mtu mmoja wa kukuuliza. Asiwe wa kukuambia "utaweza tu", awe wa kuuliza "wiki hii umeandika kurasa ngapi?" kila Jumapili jioni. Mwonyeshe jedwali lako na umpe wiki yako ya hatari. Kama wewe hukatikia wiki ya 6, mwambie akuulize mara mbili katika wiki ya 5 na ya 6, na umpe ruhusa ya kuja nyumbani ukinyamaza kumjibu.

Weka dalili tatu kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari: nimelinyamazisha kundi la darasa, nimekaa siku 7 bila kuandika ukurasa wenye tarehe, nimemdanganya mtu kuhusu ninakoelekea jioni. Ikitokea moja, siku hiyo hiyo fanya jambo dogo la kweli: jibu swali moja, uliza swali moja kundini, au mwandikie mwalimu mistari minne. Usipange "kuanza upya Jumatatu" wala kufidia wiki nzima kwa zimamoto la usiku mmoja. Mzigo wa kufidia ndio humfukuza mtu kabisa. Kilichopita kiweke kando, ingia kwenye mada ya leo, na yale ya nyuma uyape nusu saa kila Jumamosi mpaka yaishe.

Na ukikatika tena, jaza safu mpya usiku huo huo, ukiwa bado unakumbuka kilichokuwa mezani, ukurasa uliokuwa umefunguliwa na saa ilivyosoma.